Kibuyu Juu ya Kabati

Kwa miezi saba kibuyu kimoja kilikaa juu ya kabati la ofisi ya walimu, kati ya madaftari ya zamani na jezi za mpira zilizochanika. Nilikiweka pale mimi. Nilimnyang'anya mwanafunzi wa kidato cha pili mbele ya kwaya nzima, na neno nililomwambia siku ile ndilo linalonifanya niandike haya.

Nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza na sina ajira. Kama wengi wa rika langu, nilijitolea kufundisha huku nikisubiri majina yatoke. Shule yenyewe iko mwambao wa Ziwa Nyasa, upande wa Ruvuma. Mimi ni mtu wa milimani, Umatengo, kwenye kahawa na baridi. Kushuka kutoka Mbinga hadi ziwani ni kama kwenda nchi nyingine: joto linakupokea, harufu ya dagaa wanaoanikwa inakupokea, na jioni ukitazama ng'ambo unaona milima ya Malawi imekaa juu ya maji kama moshi. Nilipewa vipindi vya Kiswahili na Historia. Mkuu wa shule aliposikia kuwa nimesoma seminari, akanipa na kwaya.

Seminari ilinipa vitu viwili ninavyovipenda mpaka leo: vitabu na kuimba kwa sauti nne. Tuliimba Kilatini asubuhi kabla ya chai, vijana wa kahawa na mahindi, tukiwa tumejifunga masweta, na kuna siku nilihisi kwamba sauti yangu si yangu tena, imeingia katika kitu kikubwa na cha zamani kuliko mimi. Sijawahi kupata neno zuri la kueleza hali hiyo. Nilitaka wanafunzi wangu waipate. Kwa hiyo nikachagua Ave verum corpus ya Mozart, wimbo mfupi wa mistari michache, alioutunga mwaka 1791, mwaka aliokufa. Nikaunakili kwa nota za do-re-mi kwenye ubao, sauti baada ya sauti.

Besi ndiyo iliyonisumbua. Wavulana wa kidato cha pili sauti zao zinavunjika, leo ziko chini, kesho ziko juu. Jumamosi moja nilikuwa nafundisha sauti ya kwanza, mara nyuma yangu ikasikika sauti ya kukwaruza, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya debe. Nikageuka. Kijana mmoja wa besi alikuwa ameweka kibuyu mdomoni na anaimbia ndani yake. Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikwenda pale, nikakichukua, nikasema, "Ushenzi huu uache kwenu."

Hakujibu. Aliinamisha kichwa, akasema, "Samahani, mwalimu." Jumamosi iliyofuata hakuja kwenye kwaya, wala ile nyingine. Darasani aliendelea kuniamkia kwa adabu ile ile, na alama zake za Kiswahili hazikushuka. Nikajiambia kwamba kwaya imepungua mtukutu mmoja.

Miezi saba baadaye, wiki ya kufunga shule, alikuja mzee. Alikuwa amevaa koti juu ya kikoi, viatu kavishika mkononi kwa sababu ya mchanga. Nilimpa shikamoo, nikamletea kiti. Aliuliza habari za kazi, za nyumbani, za wazazi wangu, za mvua huko milimani. Ndipo akasema, "Mwalimu, nimekuja kuomba kile kibuyu, kama hakijatupwa. Ni changu. Mjukuu alikiazima bila kuniambia, na nimeshamsema kwa hilo."

Nikapanda juu ya kiti nikakishusha. Mende walikuwa wamekula ule utando unaozibwa pembeni, ule unaotengenezwa kwa utando wa buibui, ambao ndio unaotetemeka na kutoa ile sauti. Mzee alikigeuza mkononi, akapuliza vumbi. Nikaanza kujieleza: nidhamu, muda wa mazoezi, heshima ya nyimbo za kanisani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila ukali wowote, "Alikuwa anashika besi yako. Nyumbani tuliisikia kila jioni. Sauti yake mwenyewe ilikuwa inamkimbia, ndiyo akatafuta ya kuishikia."

Mimi, mwalimu wa muziki, nilisikia kibuyu. Sikusikia wimbo.

Nimeyabeba maneno hayo hadi chuo kikuu, ambako sasa nasoma shahada ya uzamili na kuandika juu ya falsafa ya elimu. Swali langu ni jepesi kulitaja: ni kipi kinachokifanya kitu kuwa chetu, na mwalimu ana haki gani ya kumchagulia mtoto cha kupenda? Kulijibu ndiyo shida, na nimegundua kwamba majibu mawili yanayopatikana kirahisi, yote mawili, yananiponyoka.

Jibu la kwanza ni lile la asili. Kilichotoka kwetu ni chetu, kilichotoka nje ni cha wageni. Kwa jibu hili kosa langu linaeleweka mara moja: nilikuwa kijana aliyepotoshwa na wazungu, nikatukana ngoma ya babu zangu kwa ajili ya wimbo wa Mwaustria. Nilipomsimulia rafiki yangu chuoni, hivyo ndivyo alivyonihukumu, na kwa muda niliipokea hukumu hiyo karibu kwa furaha. Kuna raha fulani katika kujuta pamoja na umati.

Lakini siku ile mzee hakuondoka haraka. Nilimuuliza juu ya kibuyu, akaniambia ni cha mganda, ngoma aliyoicheza ujanani. Wanaume wanasimama kwa mistari, nguo safi, soksi zimevutwa juu, wana vyeo kama vya jeshini, na vibuyu vinaimba mahali pa tarumbeta. Wanawake wana kioda yao. Nikamuuliza, mganda ni wa tangu zamani gani? Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mwalimu wa Historia. "Uliletwa," akasema. "Watu walikwenda vitani, wakarudi nao."

Ni kweli. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya ngoma ya beni, alifuatilia jinsi vijana wa pwani ya Kenya, mwishoni mwa karne ya 19, walivyochukua mtindo wa bendi za kizungu na kuufanya mchezo wao wa mashindano, na jinsi askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia walivyousambaza bara. Mganda ni wa ukoo huo. Nyuma ya kibuyu cha mzee kuna tarumbeta ya jeshi la Mwingereza. Na vita hivyo havikuwa mbali na shule yetu: tarehe 13 Agosti 1914, palepale Liuli, ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen, meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann. Ziwa hili lilisikia mizinga ya wageni siku chache tu baada ya vita kuanza Ulaya.

Basi, tukienda kwa asili, mganda nao ni wa kuja. Na Kilatini je? Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na Kigonsera mwaka uliofuata. Waanglikana wa UMCA walikuwa wamekwisha kulizunguka ziwa kwa mashua. William Percival Johnson, aliyeitafsiri Biblia nzima kwa Kinyanja, alikufa mwaka 1928 na kaburi lake liko Liuli. Hesabu miaka, msomaji. Nyimbo za kanisani zimeimbwa mkoani Ruvuma kwa muda mrefu kuliko mganda wenyewe. Bibi yangu aliyanung'unika maneno ya Kilatini akipalilia maharage, na hakuna aliyemwambia kwamba anaimba nyimbo za watu. Ukitaka kutenga chetu na chao kwa kuangalia kilikotoka, utabaki na mikono mitupu, au utaanza kudanganya.

Jibu la pili ndilo linalopendwa zaidi na rika letu: hakuna cha chetu wala chao, kila mtu apige anachotaka, mwalimu akae pembeni. Nalo nimelijaribu, na silikubali. Mwalimu asiyechagua amechaguliwa na simu. Plato, katika Jamhuri, aliogopa muziki kiasi cha kutaka kufukuza filimbi na vinanda vya nyuzi nyingi katika mji wake, kwa sababu aliamini kwamba mdundo huingia ndani ya roho ya kijana kabla akili haijaweza kuuliza kilichoingia ni nini. Alizidisha, lakini hakukosea kwamba kitu kinaingia. Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo, anakiri kuwa hujiona amekosa pale wimbo unapomgusa kuliko maneno yake. Na bado anakumbuka machozi yake ya mwanzo wa imani, hathubutu kuufukuza wimbo kanisani. Watu hawa wawili walilichukulia jambo hili kwa uzito. Anayesema "acha wapige tu" halichukulii kwa uzito hata kidogo.

Kanisa lenyewe limehangaika na swali hili waziwazi. Mwaka 1903 Papa Pius wa Kumi alitoa maagizo juu ya muziki wa ibada, na humo alikataza ngoma kanisani. Alikataza pia piano. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu maktaba, nikikumbuka kinanda cha umeme tulichokitunza shuleni kama mboni ya jicho, wakati kibuyu kikila vumbi. Miaka 60 baadaye, tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati juu ya liturujia, ikisema kwamba muziki wa mataifa yanayoinjilishwa upewe heshima na nafasi yake katika ibada. Mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga, Mtanzania mwenzetu na mtunzi wa Misa Baba Yetu, alichapisha kitabu Church Law and Bantu Music, akiipima sheria ya Kanisa kwa muziki wa Kibantu. Ninachokipenda kwake ni kwamba alikaa na sheria na ngoma meza moja, akazisoma zote mbili kwa makini. Hakuirusha moja dirishani ili aonekane amesimama na nyingine.

Nyerere naye, alipounda wizara ya utamaduni mwezi Desemba 1962, alilaumu shule za kikoloni kwa kutufundisha nyimbo za Waingereza huku tukizisahau za kwetu. Lakini katika hotuba ileile alionya kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa wengine ni taifa la wajinga. Na mwaka uliofuata akatoa Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri mwenyewe. Watu huchukua nusu moja ya hotuba hiyo, kila mmoja ile inayomfaa.

Kama si asili, na si kila mtu na lwake, basi ni nini? Nimejaribu kulijibu kwa kitu nilichokijua kabla ya vitabu. Sisi Wamatengo tunalima ngoro, mashimo yanayopangwa kwenye mteremko kama masega ya nyuki. Mwanamume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, mwanamke huchimba udongo wa katikati na kuzifunika, kisha maharage hupandwa juu yake. Nyasi za mwaka jana hazitupwi wala haziachwi zisimame. Zinalazwa, zinaoza, zinalisha. Mvua ya Umatengo ni kubwa na milima ni mikali, lakini udongo haukimbii. Hakuna anayeuliza nyasi hizo mbegu yake ilipeperushwa kutoka wapi. Shamba ni la aliyelichimba, na asipolichimba tena, mvua italichukua.

Nadhani utamaduni ni wako kwa namna hiyo, kwa kazi. Mganda ukawa wa mzee kwa sababu yeye na wenzake walitafuta kibuyu mahali pa shaba na buibui mahali pa fundi, wakatunga maneno ya kwao, wakashindana kijiji na kijiji mpaka miguu ikavimba. Kilatini kikawa cha bibi kwa sababu alikiimba akipalilia na akizika. Na Ave verum ilikuwa inaanza kuwa ya yule kijana, kila jioni, nyuma ya nyumba yao. Yeye peke yake katika kwaya yangu ndiye aliyekuwa anaichimba. Wengine walikuwa wananifuata mimi.

Hapa lazima nijipinge mwenyewe, kwa sababu hoja hii inaweza kugeuka kuwa ya kujifariji. Mtu ataniuliza: je, kuchukua kote ni sawa? Askari aliyerudi na mganda aliuchagua. Wimbo wa misheni ulikuja na shule, na dawa, na cheti, na karibu sana na kamba: tarehe 27 Februari 1906, wakati wa Majimaji, viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea, na katika vita vilevile Peramiho ilikuwa imechomwa moto. Si haki kusema watu wa Ruvuma "walichagua" kwa namna ileile.

Ninakubali. Na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa mbele ya ubao ule mimi sikuwa upande wa waliochagua. Nilikuwa na alama mkononi, na kwenye ofisi ya walimu kulikuwa na fimbo. Nilikuwa na neno "ushenzi", ambalo sikulitunga mimi, nililiokota mahali ambapo watu kama babu yangu waliitwa hivyohivyo. Kosa langu halikuwa kumpa kijana Mozart. Ningempa tena. Kosa langu ni kwamba nilimpa kitu na papo hapo nikamkataza asikifanye chochote. Nilitaka apokee kama nilivyopokea mimi, mikono chini, sweta limefungwa vifungo. Alipokishika kwa mikono yake, nikamnyang'anya.

Nikiwaza hivyo nakumbuka sengu, ambayo wazee wa Umatengo wanaizungumzia kwa hamu. Wanaume wa ukoo walikuwa wakikutana kwa babu kula pamoja, kila nyumba ikileta chakula chake, na hapo ndipo vijana walipofundishwa kazi, adabu na namna ya kumaliza ugomvi. Siyaiti maisha hayo paradiso. Wanawake walipika na kupeleka, na sauti zao katika sengu sizisikii sana katika simulizi. Lakini kuna jambo moja humo ambalo shule yangu haikuwa nalo. Mkubwa alikula chakula kilichotoka nyumba ya kijana kabla hajamfundisha. Alijua kijana ametoka wapi na ameleta nini.

Mwalimu ana haki ya kuchagua, na kuna nyakati ana wajibu wa kusema hapana. Ila asiseme hapana kwa kitu ambacho bado hajakisikiliza. Hiyo si kanuni kubwa ya falsafa, na msimamizi wangu amekwisha kuniambia hivyo. Ni kiasi tu cha kile ambacho kingetosha Jumamosi ile: kugeuka, kuuliza, "Hebu rudia, unaimba nini?"

Mwaka 2000 mtafiti Stephen Hill alichapisha sura juu ya mashindano ya ngoma Umatengo, na jina la sura hiyo linaanza kwa Kiswahili kwa kusema kwamba mchezo umelala. Napenda hilo neno, kulala. Aliyelala anaweza kuamshwa. Anaweza pia kukanyagwa na mtu anayepita gizani akidhani hapana kitu.

Nilimwomba mzee radhi siku ileile. Alicheka, akasema, "Kibuyu kinatengenezeka, mwalimu. Buibui bado wapo." Akavaa viatu mlangoni, akaondoka nacho kwapani. Kijana sikumwomba radhi. Shule zilikuwa zimefungwa, kisha mimi nikapata nafasi ya chuo, kisha ikawa aibu, na aibu ikawa mazoea. Sasa atakuwa kidato cha nne. Mwezi wa sita nitapanda basi la Songea, kisha la Mbinga, kisha nitashuka ziwani. Nimenakili upya mstari wa besi kwa mkono, kwenye karatasi moja tu, maana wimbo ni mfupi. Sijui kama atautaka. Nitampa shikamoo babu yake kwanza.